Stoo Ina Nyuzi, Wodi Inatafuta Uzi

Saa moja na nusu asubuhi. Mwanamke mwenye sweta ya kijani anafuta kioo cha kompyuta kwa pindo la mtandio wake, anarudi nyuma kidogo kukitazama, kisha anakifuta tena. Kioo kilishatakata tangu mara ya kwanza. Ni mikono tu inayotafuta kazi.

Yuko kwenye stoo kuu ya hospitali, chumba kirefu chenye rafu za chuma zinazogusa dari na harufu ya maboksi mapya iliyochanganyika na spiriti. Kaunta ya mbao inakitenga chumba na korido. Nyuma ya kaunta, mbele ya ile kompyuta, kuna kiti chenye mto mwekundu. Hakina mtu.

"Akikaa, nimepona," anasema kwa sauti ya chini. "Asipokaa, mwezi ujao ukinitafuta utanikuta nyumbani nahesabu mabati."

Anayesubiriwa akae ni mkuu wa stoo, mama wa makamo ambaye hospitali nzima inamwita Bi Stoo. Anayesubiri ni mkufunzi wa mfumo mpya wa kompyuta, ambaye wenzake walimbatiza Mama Mfumo kwa utani, na kama ilivyo kwa majina mengi ya utani, limeshalishinda lile la kwenye kitambulisho.

Nje ya kazi wawili hawa ni ndugu. Bi Stoo ni dada wa mume wa Mama Mfumo, yaani wifi yake. Na kwa miezi mitatu sasa, wifi hamsemeshi wifi.

Mfumo wenyewe ni programu moja kubwa inayounganisha kila idara: stoo, manunuzi, uhasibu, mishahara, jiko, dobi na wodi zote. Wodi ikiomba kitu, stoo inaona. Stoo ikitoa, uhasibu unaona. Kitu kikikaribia kuisha, ofisi ya manunuzi inajua bila kupigiwa simu.

Zamani kila idara ilikuwa na karatasi zake na ukweli wake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma ya hospitali hii ilikuwa imevutwa mpaka imekaribia kupasuka.

Hospitali ina wafanyakazi zaidi ya elfu moja. Ili kuwafundisha, uongozi uliteua wakufunzi kumi kutoka miongoni mwao, kila mmoja akapewa idara zake. Mkataba wa mkufunzi huongezwa kwa mwaka mmoja iwapo mkuu wa idara atasema mambo mawili mbele ya mkurugenzi wa utawala. La kwanza, kwamba mfumo unafanya kazi. La pili, kwamba bado anamhitaji mkufunzi huyo.

Wenzake tisa ama wameongezewa, ama wamerudi kwenye kazi zao za zamani. Mama Mfumo amebakiwa na idara moja tu, stoo kuu, na mkataba wake unaisha wiki hii. Kazi ya zamani ya kurudia hana.

Aliingia hospitalini hapo akiwa msichana, kama mpiga chapa. Habari za nafasi hiyo aliletewa na wifi yake huyu huyu, ambaye wakati huo alikuwa karani mdogo wa stoo.

"Nilikuwa nimeolewa mwaka huo," anakumbuka. "Akaja nyumbani, akasimama mlangoni, hata kukaa hakukaa. Akasema, 'Mke wetu, unajua kupiga chapa au unajua kupika tu?' Nikamwambia najua. Akasema, 'Kesho vaa viatu vya kufunika, unakuja na mimi.'"

Chumba cha wapiga chapa kilikuwa na watu wanane na kelele kama za mvua juu ya bati. Kompyuta zilipoenea kila mtu akaanza kujiandikia barua zake, na chumba kikafungwa. Leo kimejaa viti vilivyovunjika miguu vinavyosubiri fundi.

Mfumo ulipokuja, uongozi ulitafuta watu wenye vidole vyepesi na wanaojuana na kila mtu. Vidole alikuwa navyo. Kwa kujuana, mtu aliyeandika barua za likizo za hospitali nzima kwa miaka yote hiyo hana asiyemjua.

Mshahara haukubadilika. "Kilichoongezeka ni ngazi za kupanda," anasema na kucheka. Lakini ndio mshahara pekee wa nyumba hiyo unaokuja kila mwisho wa mwezi. Mumewe ni seremala, na kazi ya useremala huja kwa misimu: leo vitanda vitatu, kisha kimya mpaka msumari unashika kutu. Watoto wawili bado wako shule.

Walimu wa mfumo aliowapata yeye mwenyewe walitoka kwenye kampuni iliyouuza. Mmoja wao, ambaye wafanyakazi humwita Injinia, bado yupo. Ni mtu mrefu, mpole, asiyependa kukaa. Anasema mashirika makubwa yanapoanguka kwenye kazi hii, mara chache huangushwa na mashine.

"Mashine ukiiwasha inawaka," anasema. "Watu ndio hawawashwi kwa swichi. Kuna wanaoogopa kuaibika, kuna wanaoogopa kuachishwa, na kuna wanaotaka mfumo ufanane na karatasi yao ya zamani hadi mikunjo. Ukimbadilishia kila anayenung'unika, mwisho unabaki na vipande."

Mama Mfumo alijifunza mapema kwamba somo haliingii kabla ya hofu kutoka. Darasa lake la kwanza lilikuwa jikoni. Mpishi mkuu alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono, kisha akauliza swali moja.

"Mfumo ukikosea, nani anapigiwa kelele?"

"Mimi," Mama Mfumo akajibu.

"Basi kaa, nifundishe."

Tangu siku hiyo ndivyo alivyoanza kila darasa: wakikosea ni juu yake. Ukutani karibu na kila kompyuta alibandika namba yake ya simu, na chini yake akaandika kwa kalamu nzito: MFICHA UCHI HAZAI. Mganga mkuu aliomba maneno hayo yaondolewe kwenye wodi ya wazazi, kwa kuwa pale wagonjwa walikuwa wanayasoma na kucheka mpaka wanashika tumbo.

Idara moja baada ya nyingine ikaingia. Hawakuziwasha zote kwa siku moja. Mishahara ilianza, kwa sababu mtu husamehe vyote ila mshahara uliokosewa, na ulipotoka sawasawa mara mbili watu wakaanza kuuamini mfumo. Uhasibu ukafuata, kisha dobi, jiko na wodi. Stoo kuu ikawa ya mwisho, kwa kuwa ndiyo yenye vitu vingi kuliko idara zote.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Injinia anasema hakuliona kwenye kitabu chochote cha kampuni yake.

Kabla ya stoo kuwashwa, majina ya vitu vyote yalipaswa kuingizwa kwenye mfumo. Kamati ya mradi, ambayo Mama Mfumo alikuwa katibu wake, iligawa kazi ili iishe upesi. Wodi ziliandika orodha ya vitu zinavyoomba. Stoo iliandika orodha ya vitu ilivyonavyo. Pande hizo mbili hazikukaa meza moja hata mara moja.

Muuguzi wa wodini anahitaji kitu kimoja kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Kwa hiyo wodi ziliandika uzi, mto, ufunguo, mpira, kitanda. Mtu wa stoo hajawahi kuwa na kimoja maishani mwake. Kwa hiyo stoo iliandika nyuzi, mito, funguo, mipira, vitanda.

Kwa binadamu ni kitu kile kile. Kwa kompyuta, uzi uko kwenye herufi U na nyuzi ziko kwenye N, na hao wawili hawajawahi kuonana.

"Programu ilitengenezwa kwa lugha ambayo neno likiwa la wingi linabadilika mkiani," Injinia anaeleza. "Letu linabadilika kichwani. Na mimi nimezaliwa na lugha hii, nimeota ndani yake, na sikuliona. Nilikagua kila kitu nikasaini."

Siku ya kuwasha stoo kwa mara ya kwanza, mkurugenzi wa utawala alitoa agizo kwa wafanyakazi wote: kisichoonekana kwenye kioo hakipo, na stoo isitoe kitu kwa simu wala kwa mdomo. Lilikuwa agizo zuri, na ndilo lililoleta balaa.

Asubuhi hiyo sista wa chumba cha upasuaji aliketi kuagiza. Akiba yake ya uzi wa kushonea ilikuwa imeisha mwishoni mwa wiki. Akaandika sindano, zikaonekana, tele. Akaandika uzi. Kioo kikamjibu: sifuri.

"Sindano haikupotea hata siku moja," anasema sista huyo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji. "Sindano ikiwa moja ni sindano, zikiwa mia ni sindano. Uzi ndio ulipotea. Sasa unanipa sindano bila uzi nifanye nini, nimchome mgonjwa aamke?"

Mgonjwa wa siku hiyo, mama aliyekuwa na uvimbe shingoni, alikuwa ameshafunga kula tangu jana yake. Operesheni ikaahirishwa. Akapewa uji na kuambiwa arudi kesho.

Huku nyuma, ofisi ya manunuzi ikaona uzi ni sifuri. Ikafanya kama ilivyofundishwa, ikaagiza mwingine. Maboksi yakaja kabla jua halijatua, stoo ikayapokea vizuri na kuyaandika: nyuzi. Basi uzi ukazidi kuwa sifuri, na nyuzi zikazidi kujaa.

Kesho yake sista alishuka mwenyewe mpaka stoo. Alisimama kwenye kaunta akaona rafu nzima ya pakiti za uzi imemkodolea macho. Kelele aliyopiga ilisikika dobi.

Mama wa uvimbe shingoni alifanyiwa operesheni siku hiyo na akapona. Lakini jambo lilikwishafika kwa mkurugenzi. Kikao kikaitwa, na mkurugenzi akauliza, "Majina ya vitu vya stoo aliyaingiza nani?"

Mama Mfumo, kama katibu, ndiye aliyekuwa na jibu.

"Stoo wenyewe," akasema.

Ilikuwa kweli. Bi Stoo akapewa onyo la kuficha bidhaa, la kwanza tangu aajiriwe.

"Nilijibu kweli, lakini nilijibu kama mtu asiye na ndugu," anasema Mama Mfumo. Anasema haya akitazama kiti chenye mto mwekundu. "Kamati ndiyo iliyogawa kazi vibaya. Nilikuwemo. Ningeweza kusema 'sisi'. Ni neno fupi kuliko nililolisema."

Mwezi uliofuata aliomba nafasi kwenye kikao, akasimama na kueleza kwamba kosa lilikuwa la kamati. Injinia naye akasimama na kusema lilikuwa lake pia. Onyo likaondolewa. Kununa hakukuondolewa.

Nyumbani mambo yalihamia kwa seremala. Dada yake huja kila Jumapili kula nao, na hakuacha kuja hata Jumapili moja, ila maneno yote kwa wifi yake yalipitia kwa kaka.

"Ananiambia, 'Mwambie mkeo chakula kizuri,'" anasimulia seremala huyo, akiwa karakanani kwake na penseli sikioni. "Mke wangu yuko hapo, namna hii, magoti yanagusana. Nageuka namwambia, 'Dada anasema chakula kizuri.' Naye ananiambia, 'Mwambie nashukuru.' Nimekuwa posta."

Anasema hakuthubutu kuamua kesi hiyo. "Dada alinilea, mke ananilisha. Wewe ungeamua?"

Wakati huo huo uongozi ulitaka jibu. Fedha nyingi zilikuwa zimekwishatumika, na baadhi ya wakuu walianza kusema stoo irudi kwenye kadi zake za karatasi na mradi ufungwe. Mkurugenzi akakubali stoo ipewe nafasi moja zaidi, akitaka kwanza aone majaribio.

Safari hii hawakugawana kazi. Kila alasiri, bwalo la chakula likigeuzwa ukumbi, wauguzi wa wodi zote na watu wa stoo walikaa pamoja. Kitu kililetwa mezani chenyewe, kikanyanyuliwa juu, na watu wakaulizwa: hiki kinaitwaje?

Mabishano yalikuwa ya kufurahisha na ya kuchosha. Wodi ya watoto na wodi ya wazee zilivutana nusu saa juu ya mpira wa mkojo. Mtu wa dobi alidai mto na foronya yake ni kitu kimoja, na hakusadiki mpaka foronya ilipovuliwa mbele yake.

Bi Stoo alikuwa akikaa mwisho wa meza, mikono kifuani. Majina ya umoja aliyakataa katakata.

"Mimi sina uzi hapa," aliuambia ukumbi. "Nina nyuzi. Anayetaka uzi mmoja aende kwa fundi cherehani."

"Na mimi mgonjwa wangu simshoni kwa nyuzi," akarusha sista wa upasuaji. "Namshona kwa uzi. Hebu niambie utaratibu wa kumshona mtu kwa wingi."

Ukumbi ukacheka, Bi Stoo akabaki na uso wake ule ule. Ndipo mpishi mkuu, aliyekuwa akisubiri arudishiwe bwalo lake, akasema kutoka dirishani, "Lakini si kila mtoto ana jina la cheti na jina la nyumbani? Mbona akiitwa kwa lolote anaitika?"

Injinia akaacha kutembea. Akamwomba arudie kauli hiyo. Ndani ya siku chache kila kitu kilikuwa na jina moja la cheti, la umoja, na chini yake jina la nyumbani, la wingi. Ukiandika uzi au nyuzi, unafika kwenye rafu moja na hesabu moja.

Walijaribu kwa maombi ya kweli, si ya kubuni, na walioomba walikuwa wauguzi wenyewe, si wataalamu wa kampuni. Kisha kwa wiki kadhaa stoo ikafanya kazi mara mbili, kwenye kadi na kwenye kioo, mpaka hesabu zikalingana. Muda wote huo Bi Stoo aliandika kadi. Kompyuta aliwaachia makarani wake. Mbele za watu hakuwahi kukigusa kile kiti.

Leo kadi zinafungiwa kabatini. Mkurugenzi ameagiza kwamba siku ya kwanza bila kadi, mkuu wa stoo mwenyewe ndiye aendeshe, na saa sita atakuja kuuliza yale maswali mawili.

Saa mbili kasoro dakika chache, Bi Stoo anaingia. Ni mwembamba, amevaa koti la kazi lililonyooshwa mpaka mikunjo inasimama. Anawasalimia makarani, anamsalimia mwandishi wa habari hii, anamsalimia mbeba mizigo. Mbele ya Mama Mfumo anapita kimya. Anafunga kabati la kadi, anatia ufunguo mfukoni, anavaa miwani, na anakaa.

Mama Mfumo anapumua. Anasimama hatua mbili nyuma ya kiti, mikono ameifumbata mbele kama mtu aliye msibani.

Ombi la kwanza linatoka chumba cha upasuaji. Uzi wa kushonea, pakiti kumi na mbili. Bi Stoo anaandika kwa vidole viwili, polepole, bila kurudia herufi. Anaandika nyuzi. Kioo kinamfungulia uzi, na hesabu yake pembeni. Anabonyeza. Mbeba mizigo anachukua boksi na kutoka nalo.

Maombi yanafuatana. Mito ya wodi ya wazazi. Glovu za dharura. Ufunguo wa akiba wa kabati la dawa za usingizi, ambao Bi Stoo anaandika kuutoa huku akisema peke yake, "Huu wa tatu mwaka huu, wanazila?"

Karani mmoja anapita karibu na Mama Mfumo na kumnong'oneza, "Kaza uzi, mama." Hacheki. Hata kumsikia pengine hajamsikia.

Kabla ya saa sita lori linaleta shehena. Kupokea mzigo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye mfumo huu, kwa kuwa kila boksi linataka namba yake na tarehe yake ya mwisho wa matumizi. Bi Stoo anaanza. Katikati, kioo kinagoma na kuandika maneno mekundu. Mama Mfumo anasogea hatua moja. Bi Stoo, bila kugeuka, ananyanyua kiganja: simama hapo hapo.

Anatazama kioo kwa muda. Anarudi juu, anakuta tarehe aliyoiruka, anaijaza. Maneno mekundu yanaondoka. Shehena yote inaingia, boksi kwa boksi, hakuna aliyemsaidia.

Sista wa upasuaji anachungulia dirishani. "Mgonjwa ameshatoka," anatangaza. "Uzi ulifika kabla hata sijamaliza kunawa. Mungu ni mwema." Anaondoka.

Saa sita mkurugenzi wa utawala anafika na Injinia nyuma yake. Anaangalia kioo, anachagua vitu vitatu kwa kubahatisha, anatembea mwenyewe hadi kwenye rafu na kuvihesabu. Vyote viko sawa. Anarudi kwenye kaunta.

"Mama, mfumo unafanya kazi?"

"Unafanya," anasema Bi Stoo.

"Na mkufunzi? Bado mnamhitaji, au mnajiweza?"

Makarani wanajifanya kupanga. Mama Mfumo anatazama sakafu. Baadaye atamweleza mwandishi kwamba alishakata tamaa wakati ule wa kiganja, kwa kuwa mtu anayekunyanyulia kiganja hakuhitaji, na kwamba kichwani alikuwa ameanza kupanga jinsi ya kumwambia mumewe.

Bi Stoo anavua miwani na kuifuta kwa koti.

"Kutoa najua," anasema. "Kupokea bado kunanishinda."

Makarani wawili wanatazamana. Wino wa saini ya dereva wa lori haujakauka.

"Kunakushinda?" anauliza mkurugenzi.

"Kunanishinda. Mimi mtu mzima, vitu hivi haviingii mara moja. Huyu muacheni hapa."

Kwa mujibu wa wote waliozungumza na mwandishi katika jengo hilo, hakuna aliyewahi kumsikia Bi Stoo akikiri mbele ya mkubwa kwamba kuna jambo asilolijua. Injinia, aliyeiona shehena ikiingia kwenye kompyuta yake ghorofa ya juu, anakohoa na kutazama dari. Mkurugenzi anatoa kalamu.

Mama Mfumo anageukia rafu. Anaanza kuhesabu maboksi ya pamba ambayo hayahitaji kuhesabiwa.

Anaporudi kwenye kaunta, macho yake ni mekundu lakini sauti imeshatulia. Akiulizwa mipango yake, anataja hospitali ndogo za matawi, ambazo zitaingia kwenye mfumo mwaka huu. Anataka safari hii wodi na stoo wakae meza moja tangu siku ya kwanza, na vitu vipewe majina yote mawili kabla hata kompyuta hazijafika. Anataka pia awe na mtu wa stoo wa kwenda naye, mtu ambaye wenzake wa matawi watamsikiliza.

"Nina mmoja ninayemfikiria," anasema. "Ila siwezi kumlazimisha. Ni mkubwa kwangu."

Bi Stoo amekwisharudi kwenye kioo. Wodi ya watoto inataka mashuka, naye anaandika, vidole viwili, polepole.

"Mwandishi, usimchoshe wifi yangu kwa maswali," anasema bila kuinua kichwa. "Ana mwaka mzima wa kunifundisha."